Wizara ya Mambo Ambayo Hayajawahi Kutokea

Grrr. Grrr. Grrr.

Kilichokuwa kikinguruma gizani kilikuwa sufuria. Sikudhani alikuwa ameiweka simu humo tangu jioni, akaifunika kwa mfuniko, na juu ya mfuniko akaweka kinu kidogo cha vitunguu saumu, ili mtoto asisikie. Hakujua kuwa simu ikitiwa sufuriani haipungui kelele, bali inapata ngoma.

"Simu ya baba!" Hadia alikwisha kuruka kitandani.

Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, saa ambayo Kondo, mume wa Sikudhani, alikuwa akiamka kwenda kukinga ndoo chini ya bomba lisilotoa kitu, kwa kuwa alisema bomba nalo lina haki ya kutarajiwa.

"Habari za asubuhi, mke wangu mpendwa," ilisema sauti ya Kondo. "Mimi ni mzima wa afya. Maji yanatoka vizuri sana."

Kwa miaka saba ya ndoa Kondo hakuwahi kumwita mtu mke wangu mpendwa. Mbele za watu alimwita Mama Hadia, wakiwa wawili alimwita "we Siku", na maji hayakuwahi kutoka vizuri hata siku moja.

"Baba, umeliona jino langu?" Hadia aliinamia simu na kukenua.

"Jino lako ni zuri sana."

Mtoto akacheka kwa furaha. Mama yake akageuza uso ukutani. Lile jino lilikuwa limeng'oka siku ya pili baada ya Kondo kuchukuliwa, na pale alipokenua palikuwa na pengo.

*

Nchi yenyewe inaitwa Jamhuri ya Shwari, na haipo. Tuliseme hilo mapema, ili msomaji asihangaike kuitafuta, wala mtu mwingine asihangaike kumtafuta msomaji.

Katika Shwari hakuna anayepotea. Imeandikwa hivyo kwenye ukuta wa posta kwa rangi ya kijani. Zamani watu walikuwa wakipotea kama wanavyopotea katika nchi zilizo nyuma: mtu anatoka na fulana yake, harudi, mkewe anazunguka kwenye milango ya ofisi, na serikali inalazimika kupata taabu ya kusema haijui. Kisha ikaletwa mashine iitwayo Sauti ya Kudumu, na taabu hiyo ikaisha.

Kazi yake ni rahisi. Kwa miaka kumi Idara ya Usikivu ilikuwa ikisikiliza simu za wananchi, kwa mapenzi tu, na kuzihifadhi. Mashine inalishwa sauti hizo, halafu inazungumza kama mwenyewe, kwa adabu zaidi ya mwenyewe. Ina ubaguzi mmoja mdogo ambao wataalamu wanaendelea kuuonea haya: aliyelalamika sana ndiye anayetoka vizuri. Walionyamaza maisha yao yote, wakifa wanakufa kabisa.

Kondo, fundi baiskeli, alikuwa ameipigia Mamlaka ya Maji kila asubuhi kwa miaka mitatu. Alikuwa na saa mia nne za sauti. Mafundi walisema hawajapata kuona mtu safi kama yule.

Siku aliyochoka kupiga simu, alikwenda kwa miguu mpaka ofisini kwao. Wanaume wawili wenye heshima zao walimwomba mlangoni waende naye pembeni kwa mazungumzo mafupi. Alasiri ile ile simu ya Sikudhani ikaita: "Mke wangu mpendwa, nimepata safari ya ghafla."

Siku ya tano, mama mmoja anayefanya usafi katika chumba cha maiti alipita kwenye kibanda cha Sikudhani kununua mafuta ya taa. Akiwa anahesabu vidole vyake kana kwamba anakumbuka jambo, alisema polepole: "Kuna mmoja kule ana shati lenye kiraka kiwikoni. Cha njano, maua mekundu. Kimeshonwa kwa mkono."

Sikudhani aliufahamu mkono ulioshona. Kitambaa kilitoka kwenye gauni la Hadia lililokuwa limembana. Kondo alikuwa amelivaa shati lile na kuzunguka chumbani akijitazama: "Leo nimevalia gauni la binti yangu, mnasemaje?"

*

Msimamizi wa chumba cha maiti, Bwana Fungo, alikuwa mtu mpole mwenye macho ya mtu asiyelala.

"Kondo bin Shehoza yu hai, dada yangu," alisema. "Hebu tumpigie."

Akapiga. Sauti ikajibu papo hapo: "Niko hai, ahsanteni sana."

"Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia. Na aliyelala humo ndani ni nani?"

"Yule ni Asiyehusika Namba Kumi na Saba. Anafanana na mumeo, sikatai. Kufanana si kosa."

"Kaka Fungo, kile kiraka nimekishona mimi."

Bwana Fungo aliangalia mlango, akaangalia dari, akaangalia kalenda. Sauti yake ikashuka. "Ijumaa asubuhi wasiohusika wote wanapelekwa handakini, nyuma ya tanuri la matofali. Wakishafukiwa hatufukui. Niletee cheti cha kifo kabla ya hapo, nami nakukabidhi mkononi, ukamzike kwa jina lake. Bila cheti, nikikupa maiti ya mtu aliye hai, kesho nami nitakuwa napiga simu alfajiri."

"Cheti nakipata wapi?"

"Angekufa kwa malaria ungekipata hapo dirishani. Lakini lake lina mashine ndani yake. Nenda kwenye Wizara."

Ilikuwa Jumanne.

*

Wizara ya Mambo Ambayo Hayajawahi Kutokea ina ghorofa tisa, na lifti yake haijawahi kutokea pia. Sikudhani alipanda ngazi na Hadia mgongoni.

Ni wizara kongwe kuliko zote. Mizani ya pamba ilipoletwa nchini, mkulima mmoja aliuliza: mgongo wangu unasema nimebeba magunia mawili, mizani inasema moja, nani mwongo? Wizara ikaundwa wiki ile, swali likapigwa mhuri wa JIPYA, na linachunguzwa hadi leo. Mkulima alishazikwa, mizani ingali kazini. Ilipoletwa simu, swali likawa: anayesema kutoka upande wa pili wa waya, yupo au hayupo? Mawaziri walijibiwa upesi kuwa wapo, waandikwe mahudhurio hata wakiwa wamelala kwao. Wananchi wengine wanaendelea kusubiri.

Kwa Sheria ya Upya wa Maswali, swali lolote lililoguswa na mashine ni jipya, na jambo jipya haliwezi kuamuliwa na mahakama, polisi, wala daktari, kwa sababu hao walisomea mambo ya zamani. Anayedai kuwa swali si jipya ana kosa la kuzeesha swali, kifungo miaka miwili.

"Tume inakaa Alhamisi," alisema karani, Bi Nyamizi, huku akisukuma fomu. "Jaza hapa. Kama hujui kusoma, weka dole gumba."

"Najua." Sikudhani alikuwa amesoma masomo ya jioni miaka miwili, mtoto akilala juu ya dawati, na cheti chake alikuwa amekitundika mahali ambapo wengine hutundika picha ya arusi. Aliisoma fomu yote. Ilikuwa na nafasi moja ya kuandika swali, na tayari ilikuwa imeshajazwa kwa chapa: *Je, mtu ni nini?*

"Mimi sikuja kuuliza hili," alisema.

"Wote mnasema hivyo. Mwenyekiti ni mpya, lakini ana akili sana. Profesa Luhende. Alikuwa mkurugenzi wa Mamlaka ya Maji. Wiki iliyopita amepandishwa kwenye falsafa."

*

Nyumbani hakukuwa na matanga. Kukaa matanga ya mtu aliye hai ni kumtangulizia raia msiba, nalo ni kosa. Kwa hiyo majirani walikuja mmoja mmoja, kila mtu amebeba kisingizio: huyu anarudisha ungo, yule anauliza bei ya mkaa, wakaketi mkekani na nyungo zao mapajani, na hakuna aliyeondoka. Nyungo zikafika kumi na moja.

Jumatano akaja Kibindu, mshona viatu, mtani wa ukoo wa kina Kondo. Yeye hakubeba kisingizio. Alianza matusi tangu njiani.

"Hawa watu wa ukoo wenu, hata kufa hawajui! Watu wote duniani wanakufa mara moja, huyu anakufa nusu, nusu nyingine anapiga simu! Bahili! Hata roho anaitoa kwa mafungu!"

Mkeka mzima ukacheka, kisha ukalia, kama ipasavyo.

Kwao huko, mtu akifa mtani wake huvaa koti na kofia ya marehemu, akaiga mwendo wake na sauti yake, akaingia uani akidai chakula na kugomba na wadeni wa marehemu. Watu humjibu kama wanavyomjibu mwenyewe. Mwisho, jeneza likiwa uani, mtani humwendea mtoto mdogo wa marehemu na kumwuliza kwa sauti ile ile: "Baba yako yuko wapi?" Mtoto humvua kofia, akageuka, akaonyesha jeneza. Hapo mtani hunyamaza, na hamwigi mtu yule tena mpaka siku yake mwenyewe. Bila hivyo maiti haiondoki nyumbani. Ni desturi tu. Hakuna aliyewahi kuiundia tume.

Sikudhani alimweleza habari za Wizara. Kibindu alisikiliza, akachekea puani.

"Swali jipya? Shemeji, mimi nimekuwa maiti arobaini na mbili. Nimewahi kumwiga hayati Mzee Shehoza mpaka mbwa wake akanifuata. Je, kuna aliyeniambia, 'Ahsante kwa kufufuka, sasa tusizike'? Babu yangu aliishi kwa swali hilo, na baba yake babu. Jibu lake analijua mtoto wa miaka sita."

"Usiseme hivyo mbele yao. Watakufunga kwa kuzeesha swali."

"Basi sitasema. Lete koti."

*

Siku ya Alhamisi ukumbi ulijaa. Profesa Luhende alikuwa amevaa joho lenye mikono mirefu kiasi kwamba msaidizi mmoja alikuwa na kazi ya kuikunja.

"Wananchi," alianza, "kwa maelfu ya miaka binadamu amekufa kiholela, bila utaratibu, na wanafalsafa wakamwachia. Leo sayansi imetuamsha. Je, mtu ni nyama, au ni sauti? Kama sauti ingalipo, kilicholala ni nini? Kufa ni tukio, ama ni tatizo la mtandao? Maswali haya, narudia, hayajawahi kuulizwa na kiumbe yeyote. Makofi."

Watu wakapiga makofi. Simu ya Wizara ikapigwa, na Kondo akasikika kwenye spika: "Niko hai. Naipongeza Tume. Maji yanatoka vizuri sana."

"Mlalamikaji, una la kuongeza?"

Sikudhani alisimama. "Mheshimiwa, swali langu ni fupi. Mume wangu alitoka akiwa mzima. Nani alimwua, na lini nitapewa nimzike? Handaki ni kesho."

Bi Nyamizi akaandika: *Mlalamikaji ameuliza jambo lisilohusiana na mashine.*

Hapo mlango wa nyuma ukafunguliwa, akaingia Kondo.

Alikuwa Kondo kwa bega la kushoto lililoshuka kwa kubeba baiskeli, Kondo kwa kofia iliyosukumwa nyuma, Kondo kwa kukohoa kidogo kabla ya kugomba. Hadia alishika kanga ya mama yake. Kibindu hakumtazama mtu. Alikwenda moja kwa moja mpaka mezani kwa Profesa, akagonga mbao mara mbili kwa kifundo cha kidole.

"Mkurugenzi, salaam aleikum. Ni mimi tena. Usijifanye unaandika, kalamu yako haina wino, hata jana haikuwa na wino. Bomba la mtaa wetu linatoa upepo. Upepo mzuri, sikatai, lakini binti yangu hawezi kuogea upepo. Nimepiga simu miaka mitatu. Nikaona labda simu zenu zina kiu, nije mwenyewe."

Watu wakaanza kucheka. Profesa hakucheka. Shingo yake ilikuwa imevimba juu ya joho.

"Bwana Kondo, nilikwisha kukwambia!" alifoka. "Nilikwisha kukwambia siku ile, ukirudi hapa mara nyingine, wale vijana hawatakurudisha kwa miguu yako!"

Kicheko kikakatika kama uzi. Msaidizi aliyekuwa akikunja mikono ya joho akaiachia. Spika ikaendelea: "Maji yanatoka vizuri sana."

Kibindu hakuvunja mwiko wa kazi yake. Akageuka taratibu, akachuchumaa mbele ya Hadia na kumwuliza kwa sauti ya baba yake: "Baba yako yuko wapi?"

Mtoto aliivua kofia. Akageuka kushoto, akageuka kulia. Palikuwa na viti, picha ya Mtukufu Mlezi wa Taifa, jagi la maji kwa ajili ya wakubwa. Hapakuwa na jeneza. Hapakuwa na pa kuonyesha. Mdomo ukafunguka, pengo likaonekana.

Tume ikajitenga kwa dakika nne. Iliporudi, Profesa alikuwa amekunywa jagi zima na kuwa mwanafalsafa tena.

"Tume imebaini," alisoma, "kuwa sasa kuna Kondo watatu: mmoja wa kwenye simu, mmoja wa ukumbini, na mmoja anayedaiwa kulala. Wawili wamezungumza. Kwa hiyo Kondo yu hai kwa kura mbili dhidi ya moja, na hiyo moja haikujitokeza kupiga kura. Swali limekuwa jipya maradufu. Litachunguzwa kwa miaka saba. Kuhusu maneno yaliyonitoka, Tume imeamua kuwa hayajawahi kutokea."

Kibindu alikamatwa kwa kumwiga raia aliye hai bila kibali. Alipokuwa akiburutwa alitukana ukoo mzima wa askari, na Bi Nyamizi, kwa kuzoea, akawasha kinasa sauti. Kabla ya jioni walikuwa wamepata saa moja na nusu ya sauti yake. Kofia ilibaki mkononi mwa Hadia.

*

Ijumaa saa mbili asubuhi, nyuma ya tanuri la matofali, jua lilikuwa kali na nzi walikwisha kufika. Serikali ilikuwa imeahidi sanda. Ilikuja mikeka ya rangi ya kaki, na mikeka ilikuwa mifupi. Wasiohusika walilazwa handakini bega kwa bega. Koleo sita zilisimama kwenye lundo la udongo, vijana wameziegemea.

Akina mama walikuwa upande huu wa kamba, kila mmoja na simu yake. Kwa wema wa Wizara, saa mbili na nusu simu zote zingeita kwa pamoja ili wafarijiwe na wapendwa wao wakati wengine wanafukiwa. Habari za Alhamisi zilikuwa zimetangulia. Walimpisha Sikudhani mpaka mbele. Bwana Fungo alikuwa ng'ambo na orodha yake, akitazama viatu vyake.

"Mama, mbona wamelala nje?" Hadia aliuliza.

"Hawajapata nyumba, mwanangu."

Simu zikaita. Wengine walipokea, wengine waliziacha zilie. "Mama yangu mpendwa." "Mke wangu mpendwa." "Niko hai, ahsanteni sana." Sauti za watu wazima, zote na adabu ile ile, zikaelea juu ya handaki kama darasa linalokariri.

Sikudhani aliishika yake mbele yake, akaitazama. Haikuwa na bega lililoshuka. Haikukohoa. Hata hivyo kazi iliyokuwa ikifanya ilikuwa kazi ya mtani, ila mtani aliyeachiwa aige mchana na usiku, kwa sababu hakuna aliyemwendea kumvua kofia.

Akaichukua kofia mkononi mwa Hadia taratibu, akaivika simu. Simu ikazama ndani kama kifaranga kwenye tenga. Akapiga magoti mchangani, uso wake na wa mtoto zikawa sawa. Alikuwa hajui kuiga sauti ya Kondo, na hakujaribu. Aliuliza kwa sauti yake mwenyewe.

"Hadia. Baba yako yuko wapi?"

"Niko hapa," ilisema kofia. "Niko hapa, mke wangu mpendwa. Maji yanatoka vizuri sana."

"Wewe mama!" askari aliita kutoka mwisho wa kamba, akaanza kuja. "Mzuie huyo mtoto!"

Sikudhani hakumzuia. Pembeni yake bibi mmoja, aliyekuwa hajapokea simu ya mwanawe, alikuwa akifungua fundo la kanga yake kwa meno. Ndani ya fundo mlikuwa na kofia. Na nyuma ya bibi, mwingine alikuwa akipekua kikapu.

Hadia alitazama simu. Akashika kofia kwa mikono miwili, akaivua. Kisha akageuka, akatazama handakini, polepole, mkeka kwa mkeka, mpaka mahali ambapo mkono mmoja ulikuwa umetokeza, na kwenye kiwiko palikuwa na njano, na juu ya njano maua mekundu, gauni ambalo alikuwa amelilia lilipombana.

Akanyoosha kidole, akasema, na sauti ikafika mpaka ng'ambo ambako vijana walikuwa wameshika koleo:

"Baba yuko pale."